Ratiba ya Maji Mafu

Kismayu, 12 Januari 2025

Kwa ndugu yangu Bimkubwa, Koyama,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo. Safiyya anakusalimu na anasema samaki mkavu uliyetuletea amekwisha, na kama kawaida mke wangu ananilaumu mimi kwa kummaliza. Zakir wetu amepiga simu kutoka Mombasa: mkewe amejifungua mtoto wa pili, msichana, na jina bado wanabishana. Nakuandikia kwa sababu simu huko kwenu hushika pale kwenye kichuguu nyuma ya msikiti tu, na mtu akisimama pale huzungumza mbele ya nusu ya kijiji. Barua ataileta Mukhtar wa boti ya barafu, ambaye hana tabia ya kusoma vya watu.

Sasa jambo lenyewe. Wajua nimestaafu uuguzi, lakini zahanati haijakubali kunistaafu; kila likija jambo la visiwani huniita. Safari hii wameniita kwa jema. Wanataka kumpeleka Koyama muuguzi, Rawda, binti wa binamu yetu Abdalla, aingie nyumba hadi nyumba, zote arobaini, awapime watu wazima presha na sukari, awatazame macho na miguu, na wajawazito awapime vipimo vyao.

Najua utauliza ni nani anayeumwa. Hakuna, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Chombo hakipandishwi pwani siku kinapozama. Hupandishwa kingali kinaelea, fundi akakizunguka, akagonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza, na panapojibu vibaya akapakalafati upya. Mwenye chombo haoni aibu, wala watu hawasemi chombo cha fulani kimeoza. Presha nayo ni hivyo. Haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi, anapika, anacheka, anaoza watoto, na hajui. Ikiachwa ijitangaze yenyewe, hujitangaza kwa kumwangusha mwenyewe. Wewe na mimi hatuhitaji kusimuliwa. Mama alianguka mchi ungali mkononi, na asubuhi ile alikuwa mzima kuliko sisi.

Ratiba nimeipanga mwenyewe: Jumatano tarehe 29, Alhamisi tarehe 30, na Jumamosi tarehe mosi Februari, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, robo saa kila nyumba. Nakuomba mawili. Waambie wanawake wenzako, maana wewe ukishasema huwa hawana la kuongeza. Na nyumba ya kwanza iwe yako. Ulipokuja kwetu mwaka jana nilikuona mara mbili umeshika kisogo. Kinakuuma?

Kaka yako,
Shuaibu

Koyama, 20 Januari 2025

Kwa Kaka Shuaibu,

Waalaykum salaam. Tumefurahi kwa mtoto wa Zakir. Mwambie amtafutie jina ambalo bibi zake wataweza kulitamka. Na sisi tuna heri. Binti yangu Wardah ameposwa na Fahmi, mtoto wa Kulthumu, jirani yangu wa kisimani. Nimekimbilia kukuandikia ili usiisikie kwa Mukhtar. Harusi tunaitazamia Mfungo Tatu, mwezi wa hija, Mungu akipenda.

Kuhusu muuguzi wako, kaka, naona umekaa mjini mno. Huku mwenye mkoba wa dawa akipiga hodi nyumba ya mtu, kabla hajatoka wameshajua kisimani kwamba mna mgonjwa, na ikifika alasiri wameshajua na ugonjwa wenyewe. Mimi mzima. Twahira, yule mke wa jirani yangu, ana mimba ya miezi minne, naye mzima. Asiyeumwa hatafuti la kumuuma.

Tarehe zako nimeziona. Waje. Mgeni hafukuzwi.

Mdogo wako,
Bimkubwa

Kismayu, 4 Februari 2025

Kwa Bimkubwa,

Salamu nyingi, na pongezi kwa Wardah. Safiyya ameanza kuuliza habari za leso za harusi, nami nimemwambia suala hilo ni kubwa kuliko elimu yangu.

Rawda alirudi juzi. Alibisha hodi nyumba arobaini. Zilizomjibu ni tisa, na katika hizo, kwenye tano alijibiwa na mzee aliyeachwa kulinda chungu. Wanawake wote walikuwa mwambani. Anasema alisimama pwani siku zote tatu akiwaona kwa mbali wameinama, wanatafuta pweza na kombe, na maji yamekupwa hadi hakuona yalipoishia.

Nikaitazama kalenda. Tarehe 29 mwezi ulikuwa unaandama. Bamvua. Mwamba hukauka saa nne asubuhi, na mwanamke wa Koyama atakayebaki nyumbani saa hiyo huyo ni mgonjwa kweli. Nilizaliwa hapo. Nilibeba ndoo ya mama mwambani kabla sijajua kusoma. Kisha nikakaa mezani na kalenda ya ukutani, nikapanga siku kana kwamba bahari nayo huenda ofisini. Nawe ulijua. “Tarehe zako nimeziona. Waje.” Maneno hayo nimeyasoma mara tatu, na mara ya tatu nikacheka peke yangu mpaka Safiyya akaja kutazama nimepatwa na nini.

Baada ya kucheka, nisikilize. Daktari Shihab wa zahanati ni mtu mpole, lakini ana muuguzi mmoja na vijiji vingi. Amesema Rawda atarudi Koyama mara moja tu. Zisipofunguka nyumba thelathini, vifaa vitakwenda kwa wanaovitaka. Siwezi kumlaumu.

Jingine ni hili. Rawda anasema jioni ya mwisho alikuona unapanda kutoka pwani na ndoo yako. Ulisimama mara tatu, mkono kisogoni. Alipokusalimu ulimwambia unamngoja Twahira. Twahira alikuwa ameshafika kwake zamani.

Sikuandikii kukutisha. Maisha yangu yote nimeona kuwa mtu aliyetishwa hukimbia, na aliyeelezwa hukaa. Basi nakueleza hesabu ambayo hata wewe unaijua: mama alikuwa na miaka hamsini na minane. Wewe mwaka huu una hamsini na saba.

Panga wewe. Siku, saa, hata njia ya kupitia. Mimi nitakuwa karani wako.

Shuaibu

Koyama, 23 Februari 2025

Kwa Kaka Shuaibu,

Salamu kwako na kwa wifi. Huku watu wanasafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani. Nimechelewa kukujibu. Boti imekuja mara tatu na kurudi bila barua yangu, na Mukhtar hana kosa.

Ndiyo, nilijua. Kule mwambani Twahira alicheka mpaka akakaa majini na mimba yake.

Nikuambie lililonikalia. Wardah ana miaka ishirini na miwili. Kulthumu ni mtu mwema lakini ana ndugu, na ndugu wana midomo. Ikisemwa kwamba nyumba ya Bimkubwa imeingia mkoba wa dawa, watahesabu: bibi alianguka, mama naye anatazamwa, je, huyo binti? Posa huvunjwa kwa madogo kuliko hayo. Ndiyo maana nilikwenda mwambani, na ndiyo maana wengine walinifuata.

Lakini nimewaza. Akiingia nyumba moja, nyumba hiyo ina mgonjwa. Akiingia zote arobaini, hakuna nyumba iliyoingiwa. Kwa hiyo haya ndiyo masharti. Asiruke hata moja. Ule mkoba mweupe wenye maandishi mekundu aufiche ndani ya kikapu cha ukili, aje kama mgeni. Yule bwana wa kipaza sauti msimlete tena. Alitangaza “wagonjwa wa presha” mpaka mbuzi wakakimbia. Na aje wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa mbali, mwanamke anapokuwa nyumbani bila kuipoteza riziki yake.

Na wewe je? Umejaza karatasi juu ya presha za watu. Yako ngapi?

Bimkubwa

Kismayu, 27 Februari 2025

Kwa Bimkubwa,

Ramadhani njema kwenu nyote. Zakir na mkewe hatimaye wamekubaliana jina, nalo ni la bibi mmoja wa upande wa mama, kwa hiyo upande wetu umenuna.

Swali lako nililikunja nikalitia mfukoni siku mbili. Miaka arobaini, Mogadishu, kambini Kenya na hapa, nimewafunga watu kile kitambaa mkononi. Nilipojaribu kukumbuka lini nilifungwa mimi, sikuweza. Nikamwita Rawda. Akanikalisha dakika tano, miguu chini, mgongo kitini, akaniambia nisizungumze. Safiyya alisema jambo hilo halijapata kutokea katika nyumba hii, na akavuta kiti aje kulishuhudia.

Mia moja na sitini na nane kwa mia moja.

Nikueleze maana yake, kwa sababu namba bila maelezo ni kelele. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Tunapenda ya juu isizidi mia na arobaini, na ya chini isizidi tisini. Yangu ilizidi zote mbili, na mimi nilikuwa nikiwahubiria wengine, nimeshiba samaki wako wa chumvi. Nimeona aibu, Bimkubwa, lakini aibu ya kujua ni nyepesi. Sasa namezea maji kidonge kimoja kila siku, na Safiyya amekificha kikopo cha chumvi mahali ambapo bado sijapagundua.

Masharti yako Daktari Shihab ameyakubali yote. Nami nimekaa na kalenda, safari hii ya mwezi. Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, mwezi ukiwa wa siku saba, nane na tisa. Maji yatakuwa mafu. Na kuna faida ambayo hukuitaja: sukari hupimwa vizuri mtu akiwa hajala kitu. Mjini huwa tunawabembeleza watu wasinywe chai, na bado wanakunywa. Siku hizo nusu ya wanawake wenu watakuwa wanafunga sita za baada ya Idi. Nimemuuliza khatibu wetu kama tone la damu la kidoleni linavunja funga, akasema halivunji. Wasiofunga waambie wangoje tu mpaka Rawda apite.

Bado naomba nyumba ya kwanza iwe yako. Sikuombi kwa ukubwa wangu. Nakuomba kwa sababu katika tumbo la mama tumebaki wawili.

Shuaibu

Koyama, 8 Aprili 2025

Kwa Kaka Shuaibu,

Idi imepita salama, tumekula na kulisha. Wardah anakusalimu. Fahmi amechaguliwa kuongoza kazi ya chombo kipya cha baba yake, na sasa anatembea kama nahodha.

Nyumba ya kwanza ilikuwa yangu. Nilimwita Kulthumu aje kukaa nami, maana niliona kama ni la kusikika, alisikie kwangu. Rawda akanifunga kitambaa. Akatazama, akahamia mkono wa pili. Kulthumu akawa anautazama mkeka. Nikajua.

Nikamwambia, “Sema kwa sauti, mwanangu.”

Akasema, “Mia na tisini na nane kwa mia na kumi na mbili.”

Kaka, pale nilimwona Wardah mlangoni, nikaona na harusi inaondoka. Kulthumu akakunja mkono wa gauni akasema, “Haya, na mimi. Hatuwezi kuoza watoto mama mmoja anajulikana na mwingine hajulikani.” Presha yake nzuri. Sukari, mia mbili na kumi, naye alikuwa amefunga. Akaitazama ile namba, akanigeukia: “Wewe chumvi, mimi sukari. Sasa harusi hii nani atapika?”

Tulicheka mpaka Rawda akashindwa kuandika. Tukaenda kisimani sote wawili na kuzitangaza namba zetu wenyewe, kabla hazijatangazwa. Wakati tunarudi wanawake walishaanza kugombania zamu.

Twahira alisema yeye hasikii lolote na ana nguo za kufua. Nikamwambia zamu ni zamu. Alipompima, uso wa Rawda ulibadilika. Mia na sitini kwa mia na kumi, na mkojo wake nao haukuwa sawa. Akapanda kichuguuni kumpigia daktari, na jua halijafika utosini Twahira alikuwa botini kwa Mukhtar. Atakuwa ameshafika kwenu. Mtazame, kaka. Hakuamini, na mimi ndiye niliyemsukuma.

Siku ya tatu nyumba zilizopimwa zilikuwa thelathini na tisa. Iliyobaki ni ya Mzee Athmani, aliyesema kupitia dirishani, kwa lahaja yake ya wazee, “Mchu mzima hapimwi.” Adhuhuri akaja mwenyewe na fimbo yake, amekasirika. Nyumba thelathini na tisa zimeingiwa, alisema, na yake imeachwa. Watu hawataona kwamba ndiyo yenye mgonjwa? Rawda akamfuata. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita, presha ya kijana. Tangu hapo hakuna anayepita barazani kwake bila kusomewa namba hizo.

Arobaini kwa arobaini. Mwambie Daktari Shihab.

Na kisogo kinauma tangu mwaka juzi. Vidonge nimeanza baada ya futari, siku ileile.

Bimkubwa

Kismayu, 24 Mei 2025

Kwa Bimkubwa,

Salamu kwa wote, na leo salamu zangu zina haraka.

Twahira amejifungua juzi Alhamisi. Mtoto wa kiume, mdogo, analia kama anayedai deni lake. Mama mzima, mtoto mzima.

Sikukuandikia zaidi ya salamu wiki hizi zote kwa sababu sikuwa na la hakika, nami sipendi kumtwisha mtu hofu ambayo hawezi kuifanyia kazi. Walimlaza, wakamshusha presha, wakamtoa akakaa kwetu, wakamlaza tena. Mwenyewe alikuwa akisema hana ugonjwa, na kwa anavyojihisi alikuwa akisema kweli. Presha ya mimba huja hivyo, kimya, kisha kifafa, kisha hakuna tena la kufanya. Daktari Shihab aliniambia nje ya chumba cha kujifungulia kwamba mama huyu angebaki kisiwani akingoja uchungu, tungekuwa tunazungumza mengine. Nikamwambia alikuja kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Akauliza zamu hizo alizipanga nani. Nikamwambia ni wewe.

Ratiba yako ameibandika ukutani zahanati, kwa tarehe za mwezi, na wauguzi vijana wanakuja kwangu kuuliza maji mafu ni nini. Nimewaeleza. Nimewaeleza kwa kirefu.

Presha yangu sasa mia na thelathini na nane kwa themanini na sita. Rawda atarudi kuwapima tena Mfungo Tatu, mwezi ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Twahira na mwanawe watakuja naye.

Namba yako, Bimkubwa. Siku hiyohiyo niandikie, Mukhtar asiondoke bila barua.

Shuaibu

Koyama, 20 Juni 2025

Kwa Kaka Shuaibu,

Tumempokea Twahira juzi. Hakuachiwa akanyage maji. Walimbeba na mtoto wake mpaka nyumbani, na Mzee Athmani akatia adhana sikioni mwa mtoto mara ya pili, alipoambiwa imeshatiwa akasema ya mjini haikusikika.

Harusi ni Alhamisi ijayo. Itaangukia bamvua, pweza watakuwapo wa kutosha. Mpishi tumemtoa Fuma, visiwani humuhumu, na Kulthumu na mimi tumekatazwa jikoni. Uje na Safiyya. Wale wa Fuma walioleta mpishi wamekaa siku zote tatu wakiangalia Rawda anavyofanya kazi, na wamenikabidhi orodha ya nyumba zao ishirini na sita. Siku nimeshawapangia. Karani, orodha iko ndani ya bahasha hii. Iwahishe kwa Daktari Shihab.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu. Nilidhani tutakuwa watatu: mimi, Rawda, na Wardah. Nilipokaa nikaona ua umejaa. Wamekuja na watoto mgongoni, wamekaa chini, hakuna anayezungumza, na hawa wanawake hunyamaza kwa adhana tu. Kulthumu alikuwa mbele. Rawda akanifunga kitambaa, nikafanya kama unavyofundisha, miguu chini, mgongo kitini. Kilipomaliza kupumua hakuniuliza kama aseme kwa sauti.

“Mia na thelathini na mbili kwa themanini na mbili.”

Kaka, nimesikia vigelegele vikipigiwa bi harusi, na mahujaji, na chombo kipya kikiteremka majini. Sikuwahi kusikia vikipigiwa namba. Vilianza kwa Twahira, vikapita ukuta, nyumba za pili wakavidaka bila kujua ni vya nini, vikaenda hivyo mpaka mwisho wa kijiji. Nililia kidogo, kisha nikamwachia Kulthumu kiti.

Mdogo wako, mzima, na safari hii kwa kipimo,
Bimkubwa